Uvujaji wa kumbukumbu katika perf ya Linux: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu umekusanya maswali yanayorudi kila mara kutoka kwa watu wanaotumia perf, na hasa wale wanaoanza kuufungua msimbo wake ili kuziba mahali panapovuja. Msomaji anatarajiwa kuijua C kwa kiasi cha kuisoma bila kukwama na kuwa amewahi kukompaili programu kwa `make`. Jibu linapotegemea jingine, limetajwa swali la kutazama badala ya kurudia maelezo.

## Mambo ya msingi

perf ni nini, na kwa nini uvujaji wake uwe jambo la kujadiliwa?

perf ni programu ya kupima utendaji wa mfumo: inakueleza muda wa prosesa unaishia wapi, fanksheni ipi inakula mizunguko mingi, na kumbukumbu ya kache inakosewa mara ngapi. Ilianza kusafirishwa pamoja na kerneli ya Linux katika toleo la 2.6.31 mwaka 2009, na hadi leo msimbo wake unakaa ndani ya hazina ileile ya kerneli, katika saraka ya `tools/perf`. Licha ya kukaa humo, si sehemu ya kerneli. Ni programu ya kawaida inayoomba kumbukumbu kwa `malloc` na kuirudisha kwa `free`, kama programu nyingine yoyote iliyoandikwa kwa C.

Uvujaji wake una uzito wa pekee kwa sababu chombo cha kupima hakitakiwi kukisumbua kile kinachopimwa. Ukiiacha `perf top` kwenye seva ya kukodi yenye RAM ya gigabaiti 1, kisha ikajaza nusu ya RAM hiyo kidogo kidogo, kerneli itaanza kutupa kurasa za faili zilizokuwa kwenye kache, programu unayoichunguza itaanza kusoma diski upya, na namba utakazoziona zitakuwa zinaeleza taabu iliyoletwa na perf yenyewe.

Uvujaji wa kumbukumbu ni nini hasa?

Ni hali ya kipande cha kumbukumbu kilichoombwa kubaki bila mwenye kukirudisha. Katika C hakuna mfagizi anayepita nyuma yako. Kila `malloc`, `strdup`, `asprintf` au `realloc` inayofanikiwa inaacha deni, na deni hilo ni lazima liwe na mtu wa kulilipa. Kielekezi cha mwisho kikipotea, ama kwa fanksheni kurejea mapema, ama kwa kuandikiwa thamani mpya juu yake, kipande hicho hakiwezi kufikiwa tena mpaka mchakato ufe.

Kwa hiyo swali la kwanza la kujiuliza ni nani mwenye kipande hiki, na swali la wapi pa kuweka `free` lije baadaye. Anayeanza na la pili hufika kwenye tatizo lililoelezwa katika swali la "Niliongeza `free`", huko chini.

Mchakato ukiisha, kerneli si hurudisha kumbukumbu yote? Kwa nini nihangaike na amri inayomalizika kwa sekunde mbili?

Ni kweli, hurudisha yote. `perf stat ls` ikivujisha baiti 200, hakuna atakayeumia. Lakini fanksheni hizohizo zinazotumiwa na amri fupi ndizo zinazotumiwa na amri zinazokaa muda mrefu: `perf top`, `perf trace`, `perf record -a` ya kutwa nzima, na `perf daemon`, iliyoingia katika toleo la 5.12 mwaka 2021 kwa ajili ya kuendesha vipindi vya kurekodi chinichini. Mvujo wa baiti 40 kwa kila uzi (thread) mpya unaozaliwa hauonekani katika `ls`, ila katika seva inayozalisha nyuzi elfu kadhaa kwa dakika ni habari nyingine.

Kuna sababu ya pili, ambayo binafsi naiona nzito zaidi. Ripoti ya uvujaji yenye mistari mia tatu ya mambo "yasiyo na madhara" inauficha mstari mmoja wenye madhara, na watu wanazoea kutoisoma.

perf yangu inakula RAM nyingi. Je, inavuja?

Si lazima. `perf report` hulipakia faili la `perf.data`, husoma majina ya fanksheni kutoka katika kila faili tekelezi lililotajwa humo, na hujenga mti wa miito. Faili kubwa lililorekodiwa kwa `-g` linaweza kuhitaji mamia ya megabaiti bila kosa lolote. Vivyo hivyo, eneo la mzunguko ambalo kerneli humwagia sampuli hutengwa mwanzoni kwa ukubwa usiobadilika, nalo hubaki kama lilivyo mpaka mwisho.

Dalili ya uvujaji ni ongezeko lisilokoma wakati kazi yenyewe haiongezeki. Soma `VmRSS` (RSS, yaani RAM ambayo mchakato unaishikilia kwa sasa) katika `/proc/PID/status` kila baada ya dakika moja, kwa nusu saa. Ikipanda kisha ikatulia, hiyo ni akiba ya kawaida. Ikipanda kwa mwendo uleule bila kutulia, endelea na sehemu inayofuata.

## Kuutafuta

Nitaijengaje perf inayoweza kutaja mahali inapovuja?

Ijenge kwa AddressSanitizer, chombo cha kunasa makosa ya kumbukumbu ambacho kimo ndani ya GCC na Clang. Ukiwa ndani ya `tools/perf`, andika:

```
make DEBUG=1 EXTRA_CFLAGS='-fno-omit-frame-pointer -fsanitize=address'
```

Kisha iendeshe amri unayoishuku:

```
ASAN_OPTIONS=log_path=asan.log ./perf record -a -- sleep 10
```

Ripoti itaandikwa katika faili linaloanza na `asan.log` na kumalizikia na namba ya mchakato. Katika baadhi ya mifumo, Fedora ikiwamo, maktaba ya libasan huwekwa katika kifurushi chake peke yake, hivyo ujenzi ukigoma hatua ya mwisho, anza kwa kuhakikisha kwamba ipo. Tarajia perf yako kwenda taratibu kwa takribani mara mbili. Usiitumie kupimia kitu chochote cha maana. Hiyo ni ya uchunguzi tu.

Kwa kuanzia, njia yenye mavuno ni kuendesha `./perf test`. Kila jaribio huendeshwa katika mchakato wake, hivyo kila moja linatoa ripoti yake, na unajua mara moja ni eneo gani la msimbo linalohusika. Mwaka 2021 Riccardo Mancini alituma mfululizo mrefu wa viraka (patches) vilivyopatikana kwa njia hiihii: kuendesha majaribio chini ya AddressSanitizer na kuziba kila kilicholalamikiwa.

Ripoti inasomwaje? Nina malalamiko 57 na sijui nianzie wapi.

Ripoti hutofautisha "Direct leak", yaani kipande ambacho hakuna kielekezi chochote kinachokielekea, na "Indirect leak", yaani kipande kinachoelekewa na kingine ambacho nacho kimevuja. Tuseme orodha ya matukio (yale ambayo perf inayapima) imesahauliwa, nayo ndani yake ina matukio manne, kila tukio lina jina lake na ramani yake ya prosesa. Utaona malalamiko mengi sana, lakini la moja kwa moja ni moja tu: orodha. Ukiifuta kwa `evlist__delete`, mengine yote yanatoweka.

Basi tafuta ya moja kwa moja kwanza na uyasahau mengine kwa muda. Katika kila lalamiko, soma orodha ya miito kutoka juu kwenda chini: mstari wa kwanza ni `malloc` au ndugu yake, unaofuata kwa kawaida ni fanksheni ya kujenga kitu fulani, na mmoja au miwili chini yake ndipo yupo aliyekiomba na akasahau kukirudisha. Mara nyingi mkosaji ni wa tatu au wa nne, na mtu anayetibu wa pili anatibu mahali pasipouma.

Orodha ya miito inakatika baada ya mstari mmoja au miwili. Nifanyeje?

AddressSanitizer hufuata vielekezi vya fremu kwa sababu ya haraka, na maktaba nyingi za mfumo zimekompailiwa bila vielekezi hivyo. Ongeza `fast_unwind_on_malloc=0` katika `ASAN_OPTIONS`; kasi itashuka sana, lakini orodha itakuwa kamili. Ukiona `<unknown module>` badala ya jina, maana yake ni kwamba maktaba iliyoomba kumbukumbu ilifunguliwa programu ikiwa mbioni, kisha ikafungwa kabla ripoti haijaandikwa.

Nimeendesha kwa sudo na sioni ripoti yoyote. Je, niko salama?

Usiamini bado. Kwa kawaida `sudo` huviondoa vigezo vya mazingira ulivyoviweka, kwa hiyo `ASAN_OPTIONS` yako haikufika na faili la ripoti halikuandikwa ulikotarajia. Tumia `sudo env ASAN_OPTIONS=... ./perf top`.

Ripoti ya uvujaji pia huandikwa mchakato unapomalizika kwa utaratibu wake. Ukiiua perf kwa `kill -9`, haipati nafasi ya kusema lolote. Itoe kwa Ctrl-C, au kwa herufi `q` ndani ya `perf top`. Vilevile ukaguzi wa uvujaji haufanyi kazi chini ya `gdb` wala `strace`, kwa sababu wenyewe unahitaji `ptrace` (mwito wa kerneli wa kuuchunguza mchakato), ambayo vyombo hivyo vimekwisha kuishika. Ndani ya kontena la Docker huenda ukahitaji kuongeza `--cap-add=SYS_PTRACE`.

Kwa nini nisitumie Valgrind tu?

Unaweza. Valgrind ni chombo kingine cha kukagua kumbukumbu, na faida yake kubwa ni kwamba hakuna haja ya kuijenga perf upya: `valgrind --leak-check=full ./perf report --stdio` inatosha. Gharama yake ni muda, kwani programu huenda taratibu kwa takribani mara 20 hadi 30. Kwa `perf report` unavumilia. Kwa `perf record` inayopokea sampuli maelfu kwa sekunde, perf iliyo ndani ya Valgrind inazidiwa, sampuli zinapotea, na huenda njia ya msimbo uliyotaka kuichunguza isifikiwe kabisa.

## Kurekebisha

Uvujaji mwingi hutokea wapi?

Katika njia za kushindwa. Mwandishi wa msimbo huipima njia ya heri mara mia. Njia ambayo faili halipo au mstari hausomeki haipimi hata mara moja. Huu hapa ni mfano niliouandika kwa mtindo wa msimbo wa perf, na kila kosa lililomo ni la aina inayokutana nawe ukizoea kupekua humo:

```c
static int soma_ramani(const char *saraka)
{
	char *njia = NULL, *mstari = NULL;
	size_t urefu = 0;
	FILE *fp;

	if (asprintf(&njia, "%s/ramani.txt", saraka) < 0)
		return -ENOMEM;

	fp = fopen(njia, "r");
	if (!fp)
		return -errno; /* njia inavuja */

	while (getline(&mstari, &urefu, fp) > 0) {
		if (chambua(mstari) < 0)
			return -EINVAL; /* njia, mstari na fp */
	}

	fclose(fp);
	free(njia);
	return 0; /* mstari unavuja */
}
```

Kosa la kwanza na la pili ni rahisi kuyaona ukishaambiwa. La tatu ndilo linalopita machoni, kwa sababu liko katika njia ya heri. `getline` huomba kumbukumbu yenyewe na kuihifadhi katika `mstari`, nayo haiirudishi hata inapofika mwisho wa faili. Ni lazima uirudishe wewe, hata kama mwito wa kwanza kabisa umeshindwa.

Marekebisho yanayokubalika katika msimbo huu ni kuwa na mlango mmoja wa kutokea:

```c
	int err = 0;
	...
	fp = fopen(njia, "r");
	if (!fp) {
		err = -errno;
		goto out;
	}

	while (getline(&mstari, &urefu, fp) > 0) {
		err = chambua(mstari);
		if (err < 0)
			break;
	}

	free(mstari);
	fclose(fp);
out:
	free(njia);
	return err;
```

Angalia kwamba `errno` inahifadhiwa kabla ya kitu kingine chochote kuitwa. Nimeshaona viraka vilivyoziba uvujaji vizuri lakini vikarudisha namba ya kosa isiyo sahihi, kwa sababu `fclose` iliitwa kwanza ikaibadilisha.

Jamaa wa kosa hili ni `p = realloc(p, n)`. `realloc` ikishindwa hurudisha `NULL` na kukiacha kipande cha zamani kama kilivyo. Kwa kuwa umeandika juu ya `p`, anwani yake umeipoteza. Pokea jibu katika kigezo cha pembeni kwanza.

`zfree` ni nini, na kwa nini wanaipendelea kuliko `free`?

`zfree(&p)` hurudisha kumbukumbu na papo hapo kukifanya kielekezi kuwa `NULL`. Hutumika zaidi kwa sehemu za muundo ambao utaendelea kuishi, ili atakayepita baadaye akute `NULL` badala ya anwani ya kitu kilichokufa. Kwa kigezo cha ndani ya fanksheni kinachokaribia kutoweka, `free` ya kawaida inatosha.

Majina yanayoishia na `__get` na `__put` yana maana gani?

Vitu vingi ndani ya perf hutumiwa na sehemu kadhaa kwa wakati mmoja. Uzi mmoja wa programu unayoipima unatajwa na sampuli elfu. Ramani moja ya maktaba inatajwa na nyuzi zote za mchakato. Hakuna hata mmoja kati yao anayeweza kudai kuwa ndiye mwenyewe peke yake, kwa hiyo kila kitu kinabeba hesabu ya marejeo: `thread__get` huongeza moja, `thread__put` hupunguza moja, na hesabu ikifika sifuri kitu kinafutwa. Ndivyo ilivyo kwa `map__put`, `dso__put`, `perf_cpu_map__put` na wenzao. Mistari miwili ya chini katika jina hutenganisha aina ya kitu na kitendo kinachofanywa juu yake.

Tatizo ni kwamba C haikulazimishi kujua ni fanksheni gani inakukabidhi rejeo na ipi inakuonyesha kitu tu. `machine__findnew_thread` inakukabidhi: ukiipokea, unadaiwa `thread__put` moja. `evlist__first` inakuonyesha tukio la kwanza na kukuacha bila deni. Hakuna njia ya mkato. Ifungue fanksheni uisome mpaka mwisho.

Mahali pa kutazama kwa jicho kali ni ndani ya vitanzi. Mtu huchukua rejeo juu ya kitanzi, anaweka `put` chini yake, halafu miezi sita baadaye mwingine anaongeza sharti katikati lenye `continue`. Kila sampuli inayotimiza sharti hilo inaacha rejeo moja linaloning'inia, na kwa kuwa hesabu haitafika sifuri tena, uzi mzima unabaki pamoja na kila kilichoning'inia juu yake. Kwa miundo inayobeba marejeo kadhaa kwa pamoja, kama `struct addr_location` yenye uzi na ramani, kuna jozi ya `addr_location__init` na `addr_location__exit`. Itumie hiyo, usijaribu kurudisha kimoja kimoja.

Nimejua kwamba rejeo moja halirudishwi, lakini ripoti inanionyesha tu mahali kitu kilipozaliwa. Nitamjuaje aliyelishika?

Hili lilikuwa tatizo sugu. Ripoti ya kawaida inakuambia kwamba ramani hii iliumbwa na fulani, na muumbaji mara nyingi hana hatia. Mwenye kosa ni mmoja kati ya watu thelathini walioita `map__get` baadaye.

Mwaka 2023 Ian Rogers aliingiza ukaguzi wa hesabu za marejeo, na mbinu yake ni ya werevu wa aina yake. Ukaguzi ukiwa umewashwa, kila `get` huomba kipande kidogo cha kumbukumbu kinachokaa kati ya mtumiaji na kitu chenyewe, na mtumiaji hupewa anwani ya kipande hicho badala ya anwani ya kitu. `put` hukifuta. Matokeo yake, kila rejeo lina orodha yake ya miito: ukisahau `put`, kinachovuja ni kipande cha kati, na ripoti inakutajia `get` ileile iliyosahauliwa. Ukitumia kitu baada ya `put`, AddressSanitizer inakukamata hata kama kitu chenyewe bado ki hai kwa sababu ya marejeo ya wengine. Ukifanya `put` mara mbili, nayo inakamatwa.

Huhitaji kuuwasha kwa mkono. Ukiijenga perf kama ilivyoelezwa katika swali la kwanza la sehemu ya kutafuta, unawaka wenyewe. Ila kuna mambo mawili ya kuzingatia unapoandika msimbo. La kwanza, usizifikie sehemu za muundo moja kwa moja. Tumia fanksheni kama `map__dso`. La pili, marejeo mawili ya kitu kimoja sasa yana anwani tofauti, hivyo kuyalinganisha kwa `==` kunatoa jibu la uongo; tumia `RC_CHK_EQUAL`.

Niliongeza `free` mahali ripoti iliponionyesha, na sasa perf inaanguka. Nimekosea nini?

Pengine ulikirudisha kitu ambacho bado kina mwenyewe. Mimi mwenyewe yalinipata: nilikuta jina lililotengenezwa kwa `strdup` likilalamikiwa, nikaongeza `free` mwishoni mwa fanksheni, malalamiko yakaisha, nikafurahi. Siku mbili baadaye amri nyingine kabisa ikaanza kuanguka. Katika njia ya heri jina lile lilikuwa likikabidhiwa kwa muundo mwingine, ambao ulilifuta kwa zamu yake. Lililokuwa linavuja lilikuwa la njia ya kushindwa peke yake.

Fuatilia ni wapi umiliki unahama. Mfano wa wazi ni `evlist__add`: kabla ya kuiita, tukio ni lako na likishindikana jambo unalifuta kwa `evsel__delete`; baada ya kuiita, tukio ni la orodha, na `evlist__delete` ndiyo itakayolifuta. Ukilifuta wewe pia, umefuta mara mbili. Andika pembeni, hata kwa kalamu na karatasi, mstari ambao umiliki unahamia, kisha hakikisha kwamba kila njia iliyo kabla ya mstari huo inasafisha na kila iliyo baada yake haigusi.

Ripoti imejaa libpython. Je, hilo ni kosa la perf?

Huenda likawa, huenda lisiwe. perf inaweza kuendesha hati za Python ndani yake, na kitafsiri cha Python kina kumbukumbu ambazo hakijishughulishi kuzirudisha kinapofunga. Kama huhitaji hati hizo, ijenge perf kwa `NO_LIBPYTHON=1` ili kupunguza kelele. Kama unazihitaji, weka mstari wa `leak:libpython` katika faili la vizuizi na ulitaje katika `LSAN_OPTIONS=suppressions=...`, huku ukikumbuka kwamba kizuizi hicho kitaficha pia makosa ya kweli ya upande wa perf.

Makosa ya kweli yapo. `PyTuple_SetItem` hukuchukulia rejeo lako, ilhali `PyDict_SetItemString` huongeza lake na kukuachia la kwako mkononi, ambalo ni juu yako kulirudisha kwa `Py_DECREF`. Tofauti hiyo ndiyo iliyozaa ndani ya perf fanksheni ndogo ya `pydict_set_item_string_decref`. Itumie kila unapojaza kamusi kwa thamani uliyoitengeneza papo hapo.

## Hali zisizo za kawaida

AddressSanitizer haisemi lolote, lakini RSS inazidi kupanda. Inawezekanaje?

Kwa sababu ukaguzi wake hutafuta vipande visivyofikika. Kipande ambacho bado kimo katika mti au orodha fulani kinafikika, hata kama hakuna atakayekitumia tena, na mwishoni programu inakifuta kwa adabu. Kinachotokea hapo ni mrundikano: nyuzi zilizokwisha kufa zinaendelea kuhifadhiwa, au jedwali linakua kwa kila anwani mpya.

Hapa unahitaji kuona nani anaomba kumbukumbu wakati programu inaendelea. Massif iliyo ndani ya Valgrind na heaptrack zinafaa. Na kuna njia ninayoipenda kwa sababu inaigeuzia perf kibao:

```
perf record -e page-faults -g -p PID -- sleep 60
```

Kila mara perf inayochunguzwa inapogusa ukurasa mpya wa kumbukumbu, kerneli hurekodi mlolongo wa miito uliosababisha. `perf report` itakuonyesha tawi linaloufanya mchakato unenepe. Tumia perf ya toleo jingine, ile ya mfumo, kuichunguza ile unayoishuku.

Kabla ya kuhukumu, kumbuka pia kwamba glibc (maktaba ya C ya mfumo) hairudishi kila kipande kwa kerneli mara unapoita `free`. Jaribu `malloc_trim(0)` kwa muda tu. RSS ikishuka ghafla, hukuwa na uvujaji.

Je, kuna kumbukumbu inayoachwa kwa makusudi?

Ipo. Kufuta kipindi kikubwa (session, yaani data yote ambayo perf imeipakia), kitu kwa kitu, kunaweza kuchukua sekunde kadhaa ambazo mtumiaji anasubiri bure, wakati kerneli ingeyazoa yote kwa mkupuo mchakato ukifa. Katika `perf annotate`, kwa mfano, kufuta kipindi wakati wa kutoka kumeachiwa matoleo ya uchunguzi peke yake. Ndiyo maana `DEBUG=1` ni muhimu: bila hiyo unaweza kupoteza mchana mzima ukikimbizana na jambo ambalo watunzaji walikwisha kuliamua.

Faili zilizoachwa wazi zinahesabika kama uvujaji?

Zinahesabika, ingawa AddressSanitizer haizifuatilii. Hesabu vilivyomo katika `/proc/PID/fd` mara mbili kwa nafasi ya dakika kadhaa. Njia za kushindwa ndizo za kulaumiwa hapa pia. Kigezo `fp` katika mfano wa `soma_ramani` ni shahidi.

Je, ikiwa kinachovuja ni kerneli yenyewe?

Dalili ni kwamba RAM haipatikani tena hata baada ya perf kufungwa, na `SUnreclaim` (kumbukumbu ya kerneli isiyoweza kuachiliwa) katika `/proc/meminfo` inapanda kila unapoiendesha. Hilo liko nje ya `tools/perf`. Utahitaji kerneli iliyojengwa kwa `CONFIG_DEBUG_KMEMLEAK`, yenye kmemleak, kigunduzi cha uvujaji ndani ya kerneli; andika neno `scan` katika `/sys/kernel/debug/kmemleak`, kisha ulisome faili hilohilo. Usiripoti kwa ukaguzi mmoja: kmemleak hukisia, na baadhi ya malalamiko yake hutoweka katika ukaguzi wa pili.

Nimeziba. Kiraka kiandikwe vipi ili kikubaliwe?

Kiraka kimoja kizibe kosa moja. Katika maelezo, eleza ni njia ipi ya msimbo inayovuja na ni amri gani inayoidhihirisha, ukiweka kipande cha ripoti kilichopunguzwa hadi mistari inayohusika. Tafuta kwa `git blame` badiliko lililoleta kosa na ulitaje katika mstari wa `Fixes:` kwa herufi 12 au zaidi za utambulisho wake, kwa sababu mstari huo ndio unaowasaidia watunzaji wa matoleo ya zamani kujua kama kiraka kinawahusu. Pitisha kiraka katika `scripts/checkpatch.pl`, na uulize `scripts/get_maintainer.pl` kipelekwe kwa nani.

Kabla ya kukituma, lazimisha kushindwa uone. Kama uliziba njia ya `fopen`, lifute faili au uondoe ruhusa ya kulisoma, kisha endesha amri ileile chini ya AddressSanitizer, mara moja bila kiraka na mara moja ukiwa nacho. Bila kiraka lalamiko lisipotokea, hukuwa umeifikia njia uliyodhani umeiziba.